Wapatanishi Wananinenepesha

Bi Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Mahajanga, huku Madagaska, Kiswahili changu ni cha utotoni Unguja, nivumilie, uninusuru kabla wapatanishi hawajanimaliza.

Daktari alinipima akasema nina sukari, nipunguze wali na vitamu, nitembee kwa miguu kila siku, nami nikaogopa kwa sababu mama yangu sukari ilimpofusha hadi akawa anatujua kwa sauti, lakini sikumwambia mtu, hata mume wangu Tadjiddine, maana binti yetu Hayrat ameposwa na sikutaka wakwe waseme ukoo wetu una maradhi, basi nikawa natoka alfajiri, nimevaa raba za mume wangu kwa kuwa sina zangu, naenda mbio mbio kutoka mtaani kwetu Mangarivotra hadi ufukweni na kurudi, na unajua kwetu Wangazija nyumba ni ya mke, wakigombana mume ndiye anayebeba sanduku, sasa watu walipoona mwenye nyumba ndiye anayekimbia wakasema Tadjiddine ametenda jambo kubwa na amekataa kutoka.

Jirani yangu Bi Rabiata akaja kutupatanisha na mkate wa sinia, juu umeiva mwekundu, ndani laini, iliki haikuzidi, nikala kwa heshima, kesho yake wakaja shangazi zake mume wangu na wali wa nazi, tui la kwanza tupu, nikala kwa heshima, Ijumaa wakaja wazee wa msikitini na halua, na kila nikisema hatujagombana wanatazamana, wanasema masikini ana subira huyu, wananiongezea. Tadjiddine naye anakula kwa huzuni, ananiuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?" Nimerudi kwa daktari, sukari imepanda kuliko mwanzo. Je, niache kutembea?

Mama Hayrat, Mangarivotra

JIBU

Mama Hayrat, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nikaona kwamba mtu anayekula kwa heshima tu hakumbuki iliki. Huo ni ulafi uliovaa buibui, dada yangu.

Kutembea usiache. Ila nunua raba zinazokutosha, maana kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si mchezo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, wali uwe kiasi cha ngumi yako, si ya Tadjiddine. Samaki mchome. Chai kunywa bila sukari, utanuna siku chache kisha utaizoea. Dawa ulizopewa meza, na kwa daktari rudi. Akija mpatanishi na sinia, mpokee mlangoni umeshavaa raba, mwambie mazungumzo ni ya njiani. Atakayefika ufukweni bado anapatanisha, huyo ana nia njema.

Lakini kinachoniudhi ni siri yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hayrat ni damu yako, anapaswa kujua, naye apimwe. Wakwe wanaokimbia neno sukari waache wakimbie, mazoezi yatawafaa.

Mama yako alikuwa anawajua kwa sauti. Wewe siku ya harusi unataka kumwona binti yako au kumsikia? Na huyo Tadjiddine, masikini, anakula wali wa watu huku akitafuta kosa lake. Amekuuliza, mjibu leo. Kisha mrudishie raba zake, mtoke pamoja.