Kinyozi wa Miti

Tarehe 9 Juni. Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na umeshapata mtu wa kukuchotea maji. Mimi nipo, ila magoti yanalalamika kila nikipanda mti, na mikono imepasuka hata kalamu naishika kama mpini wa jembe. Utanivumilia mwandiko, shule unajua niliishia wapi.

Barua yako niliipata. Umesema picha umeitundika juu ya kitanda, na kila anayeingia anamsifu yule korongo aliyefungua mabawa juu ya makinda wake. Jirani yako akalia, akasema mama ni mama tu. Nimeisoma mara nne, na kila mara nimeona haya. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nilikuambia napiga picha za wanyama na bwana mmoja. Anayepiga ni yeye. Mimi nabeba miguu ya kamera na kufunga kibanda cha turubai cha kujifichia, tunakaa humo tangu alfajiri bila kukohoa. Tunamwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo neno lake, na kweli kusubiri anajua: atakaa saa sita kwa ajili ya fisi maji mmoja. Asichoweza kusubiri ni jani. Jani likikaa mbele ya ndege, naitwa mimi na panga. Dereva wetu amenibandika jina, kinyozi wa miti. Kila asubuhi ananiuliza leo namnyoa nani, na kama mteja wa jana amerudi kulalamika. Nami nilikuwa nacheka.

Mti wa yule korongo niliunyoa upande wote wa mashariki. Kiota kikabaki wazi kama sahani mezani. Picha ikapatikana siku ileile, Bwana akafurahi, akanipa nakala niliyokutumia. Lakini dada, yule ndege hakuwa anawakumbatia wanawe. Alikuwa anawakinga jua nililowaletea mimi. Alisimama hivyo siku tatu, mdomo wazi, hakwenda kutafuta maji wala chakula. Siku ya nne akashindwa, akaondoka. Nilipopanda jioni kufungua kamba zetu, makinda wote watatu walikuwa wamekufa, ngozi imebabuka. Bwana aliniambia porini hufa wengi. Nikaendelea kukunja kamba.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Wiki iliyopita aliniita nikae mezani kwake, kwenye kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasema korongo wa bonde hili wamekwisha, akauliza kama kwetu wapo. Dada, nilitaka japo mara moja nionekane mtu anayejua kitu. Nikasema wapo, nyuma ya nyumba ya dada yangu. Nikamchorea njia kwenye boksi la sabuni, mpaka kisimani. Nikajigamba kwamba tangu shemeji afariki, wewe ukiamka huanza kwa kuwasalimu wale ndege kabla hata ya kuwasha moto, na wamekuzoea mpaka hawaruki. Hilo ndilo lililompendeza kuliko yote.

Nimejaribu kurudi nyuma. Nikamwambia huenda wamehama. Akacheka, akasema twende tukaone. Nikikataa, atakwenda na dereva, na panga litashikwa na mwingine. Wala sina kazi nyingine.

Anataka tufike kabla hawajataga, ili ndege wazoee kibanda. Basi chukua ufito mrefu, ubomoe kiota. Wakirudi kujenga, bomoa tena. Wapigie bati mpaka wakuogope. Najua nakuomba nini, na sijui kama watapata pengine pa kwenda. Kila nilikopita miti imekwisha. Lakini akikuta mti mtupu atageuza gari. Ukimwona ananiuliza, jifanye hujui chochote, nami nitatazama chini.

Nisalimie jirani, ila haya usimwambie. Usinijibu, barua haitanikuta huku.

Ni mimi, mdogo wako.

Barua huchukua siku kumi kufika huko. Sisi tutafika Jumamosi tarehe 21, asubuhi.