Msimsubiri Tena Ramadhani

Ujerumani, Jumapili 12 Oktoba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini sasa unafika hadi kisimani bila fimbo. Mimi ni mzima, ila baridi imeanza mapema. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa: ukinyamaza kidogo tu, naaga haraka. Zaina akusomee polepole, maana haya yanamhusu yeye pia.

Huu ni mwaka wa pili tangu boti ya dagaa ya Ramadhani ipotee kati ya Kibirizi na Ilagala. Mlipotaka kumswalia, mimi ndiye niliyekataa. Nilisema ziwa huwatupa watu ng'ambo ya Kongo na wapo waliorudi, kwa hiyo tusubiri habari. Mkanisikiliza kwa kuwa mimi ndiye kaka yake mkubwa, na shehe akasema familia ikubaliane kwanza. Basi wewe unamwekea sahani kila jioni, na Zaina hajui kama ni mke au mjane.

Sasa nikueleze kilichonipata. Kwenye kiwanda cha kemikali ninapofanya kazi, tunachimba mitaro ya mabomba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hapa walitengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe. Wengi wa waliofanya kazi hiyo waliletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa. Walilala kwenye mabanda ya mbao, pale tunapoegesha magari leo. Walibeba saruji na vyuma kutwa nzima, chakula chao supu nyepesi kama maji ya kuoshea vyungu. Ndege za mabomu zilipokuja, mahandaki ya kujificha hayakuwa yao. Waliokufa, wengi hawana kaburi linalojulikana.

Mwezi uliopita sepetu yangu iligonga kitu. Wenzangu huniita Ziwa, kwa jinsi ninavyolisifia Tanganyika, na mmoja akauliza, "Ziwa, umepata dhahabu?" Kilikuwa kijiko cha alumini kilichopinda, mpini umekwaruzwa jina kwa msumari. Msimamizi akazima mashine. Alituambia asiye na kijiko hakuweza kunywa supu yake, kwa hiyo walilala navyo.

Wiki ileile alikuja bibi mmoja kutoka Poland, ambaye kila mwaka huweka maua kwenye jiwe la kumbukumbu langoni. Baba yake alichukuliwa yeye akiwa bado tumboni. Msimamizi akanituma nimwoneshe kijiko. Tulizungumza Kijerumani kibovu, chake na changu. Akalisoma jina, akatikisa kichwa. Nikampa pole. Yeye akakifuta kwa ncha ya skafu yake, akasimama nacho akimwombea yule mtu kwa jina.

"Si cha baba," akasema. "Lakini huyu naye alikuwa mtoto wa mtu."

Kisha akanisimulia kwamba mama yake alikataza mumewe asiombewe kanisani. Kila treni ilipopiga honi, alibandika maji ya chai. Alikufa bado anangoja.

"Hatukuruhusiwa kumlilia," akaniambia. "Mimi nimemlilia baba nikiwa na miaka sitini, hapa langoni."

Nilikuwa namwona Zaina. Niliyewakataza kulia ni mimi, na sababu haikuwa Kongo. Nilipoondoka, Ramadhani alikuwa kizingitini akila mkia wa samaki wetu, mgebuka, ule anaougombea tangu utotoni, vidole vimejaa mawese. Hakunipa mkono, akanipa kiwiko, akacheka. Nikiwa huku mbali, mkiendelea kumngoja, kwangu alikuwa bado amekaa pale. Nilijifikiria mwenyewe.

Sasa nimekubali. Mwambieni shehe amswalie. Zaina akae eda yake, na ikiisha awe huru. Asiulizwe na mtu. Sahani usiiweke tena, Mama. Ukitaka kulia, lia.

Nisalimie mjomba fundi boti, na shangazi muuza mawese wa pale Gungu. Mwambie Zaina shemeji yake anamwomba radhi.

Siku ya kumswalia nitaomba ruhusa kazini, nikae langoni penye lile jiwe. Mkishalitaja jina la Ramadhani, mnikumbuke na mimi.

Mwanao,
Saidi