Mkono Uliomwangusha Jemedari

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za ndugu yako wa tumbo moja. Naomba barua hii ikukute una nguvu, wewe na wapwa zangu wawili, ingawa mke ambaye mumewe yuko mahabusu na mbavu zimevunjika haulizwi hali mara mbili. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia umevimba, naandika kwa kushoto. Usinicheke mwandiko. Hata darasa la tano, kabla mimi na shule hatujaachana kwa wema, ulikuwa hivi hivi.

Kazi yangu unaijua, lakini wasomee watoto wajivune: hakuna binadamu aliye hai aliyekufa mara nyingi kunizidi. Kwa miaka ishirini na miwili mwigizaji mwenzangu Jemedari ameniua katika filamu kumi na tisa, kwa panga, kwa risasi, kwa mnyororo wa pikipiki, na mara moja kwa sufuria. Nimerushwa kutoka ghorofa ya nne, nikatua kwenye magodoro, nikaamka nikadai chai. Watu humwita yeye steringi, shujaa wa filamu, lakini ngumi haina utamu kwa anayepiga, utamu uko kwa anayeanguka. Siri yetu ni mguu. Anayepiga anakanyaga mbao mara mbili, ta-ta, kisha anaachia ngumi kwa nguvu zote. Mwenzake akisikia ta-ta anarudisha kichwa, ngumi inapita shibiri moja mbele ya pua.

Miaka mitatu iliyopita Jemedari aliokoka. Nilidhani ni filamu mpya. Kumbe mtu kaokoka kweli: alirudi kwa mkewe, akachoma picha zake za uchi uchi, akaja kwangu akapiga magoti kuniomba radhi kwa jino alilonivunja katika filamu ya saba. Kisha akaingia siasa. Anataka sala irudi shuleni, filamu chafu zifungiwe, na baba asimame tena kama kichwa cha nyumba. Mumeo, kwa ule ulimi wake wa wapaka rangi magari, alinikejeli kwamba mtu aliyeua watu mia mbili kwenye skrini sasa anakuja kutufundisha upole. Nilipomfikishia, Jemedari hakukasirika. Alisema hata Mtume Paulo alianza kwa kulinda nguo za wapiga mawe, na kwamba shemeji yangu akaribishwe mkutanoni, akae mbele. Basi nikamwalika. Nilimwambia aje aone watu wakubwa ninaokula nao meza moja.

Yaliyotokea Jumamosi umeshayasikia. Jemedari alikuwa jukwaani akiomba, mtu mwenye shati jekundu la chama pinzani akaruka juu, akampiga ngumi moja, taya likavunjika. Umati ukamkamata mumeo, aliyekuja moja kwa moja kutoka gereji na ovaroli lake jekundu. Walimpiga kwa viti vya plastiki, kwa vigingi vya hema, kwa viatu. Polisi walimtoa pale damu ikichuruzika masikioni, wakamfungulia kesi.

Sasa kaa chini, dada. Mwenye shati jekundu ni mimi.

Meneja wa kampeni alitaka Jemedari aigize kupigana jukwaani kidogo, watu waone ushujaa. Jemedari alikataa, akasema mahali anapofungua Biblia hatasema uongo. Meneja akanifuata mimi pembeni, akaniambia eti nchi nzima hakuna mwingine anayeweza kazi hiyo, nivae shati la wapinzani nipande ghafla tu, Jemedari akisikia mguu wangu mwili wake utakumbuka wenyewe. Dada, sifa ndiyo pombe yangu. Nikapanda. Nikakanyaga ta-ta. Lakini kwaya ilikuwa inapiga ngoma, na yeye amefumba macho, anaomba kweli, si kwa ajili ya kamera. Kichwa hakikurudi nyuma. Nilisikia taya likikatika kama ukuni mkavu.

Niliruka chini, nikajipenyeza uvunguni mwa jukwaa, nikavua shati. Mumeo alikuwa amepanda kumwinua Jemedari, mikono imejaa damu ya mwenzake, na ndivyo umati ulivyomwona.

Lililo baya zaidi bado. Nilitoka na fulana tu, nikajikuta ndani ya wapigaji. Mumeo akiwa chini aliniona, akaniita shemeji. Watu wawili waligeuka kuniangalia. Nami nikampiga teke la mbavu, ili wasinidhanie. Halikuwa teke la filamu. Uliponiambia daktari kasema mbavu mbili, moja naijua.

Jana nilikwenda hospitali. Taya la Jemedari limefungwa waya, anaongea kwa kalamu. Aliniandikia kwamba amewaambia polisi aliyekamatwa siye aliyempiga, wakamjibu kuwa aliyefumba macho si shahidi. Akaandika kwamba ngumi yangu anaijua hata akiwa usingizini, lakini hatanitaja, maana toba ya kutajiwa na mwenzio si toba. Meneja, aliyekuwa kando yangu, alininong'oneza nitulie mpaka kura zipite, kwani picha ile ya damu inaleta kura kuliko hotuba kumi. Jemedari alisikia. Akachukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa kwamba anajitoa kwenye uchaguzi, halafu akamwonyesha mlango.

Barua hii nampa fundi cherehani, jirani yako, akuletee asubuhi. Utakapoisoma nitakuwa nimesimama kaunta ya kituo, natoa maelezo, na jina la meneja nitalitaja. Mpelekee mumeo nguo safi, wakimwachia asitoke na ovaroli lile. Usimsihi anisamehe. Habari ya teke mwambie wewe, kabla hajaisikia kwa askari, na usinipunguzie hata kidogo.

Wasalimie wapwa zangu. Wakikuuliza mjomba yuko wapi, najua utataka kusema nimesafiri kucheza filamu. Usiseme hivyo.

Ni mimi kaka yako,
mjomba wa wanao.