Sikio la Nyemo

Jumatatu, Januari. Mvua ya alfajiri imelaza vumbi la Dodoma, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nimetoka nyumbani na viatu vikabaki na rangi yake. Nikadhani ni dalili njema. Halafu nikakumbuka kuwa leo ni siku ya sikio.

Ngoja nieleze. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, ingawa huku Chang'ombe ya Dodoma naitwa dokta wa kunyoosha. Nyemo ni binti wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Mkono na mguu wake wa kulia vimekaza, kichwa hakina shida yoyote, na mdomo ndio kabisa. Analelewa na bibi yake, muuza karanga, ambaye anampenda kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa maana ya kitaalamu: tangu azaliwe, mtoto huyu husafiri mgongoni mwa bibi, ndani ya mbeleko, hata safari ya kwenda chooni.

Siku hizi kila mwenye ua mpana anafungua chekechea na kuibandika jina la Kizungu. Ya mtaani kwetu ina bembea, ina sare, na ina Madam. Nilipomwomba ampokee Nyemo, Madam hakusema hapana. Alisema mtoto atapimwa kama wenzake: mkono upite juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Ni kipimo kilekile tulichoingilia darasa la kwanza sisi sote. Asiyefika, arudi nyumbani akakue.

Nikaapa kwamba sikio litashikwa.

Basi tangu msimu wa zabibu uliopita nimekuwa nikiunyoosha ule mkono wa kulia. Tumeufikisha begani, tukaufikisha shavuni, tukakwama kwenye nyusi. Nimeukanda kwa mafuta ya alizeti mpaka nikawa nanukia kama kibanda cha chipsi. Bibi aliusindikiza kwa sala, mwenye mkono aliusindikiza kwa malalamiko. Fundi wa vitanda vya chuma naye akamtengenezea fremu ya kutembelea, na sasa Nyemo anazunguka nayo uani akifukuza kuku. Kuku wa pale wana maisha magumu.

Leo nimewakuta langoni mwa chekechea. Bibi alikuwa amembeba mjukuu mgongoni na fremu kichwani. Nikampa shikamoo yake, kisha nikauliza kwa upole fremu ile kazi yake nini. Akanijibu kwamba mtoto asichoke kabla ya mtihani. Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Ofisini Nyemo akaketishwa kwenye benchi mbele ya Madam. Mkono wa kulia ukaanza safari. Ukapita bega, ukapita shavu, ukafika kwenye nyusi, ukatetemeka, ukagoma. Nikashtuka kuona mkono wangu nao uko juu, na wa bibi pia, na sote wawili tumeshika masikio yetu. Kama tungekuwa tunaomba nafasi sisi, tungekuwa tumeshapewa sare.

Madam akaanza kunipa pole.

Nyemo akaushusha ule mkono, akautazama kama mtu anavyomtazama punda mkaidi. Kisha akapitisha wa kushoto juu ya kichwa na kushika sikio la kulia. Akalivuta kabisa, pasiwe na ubishi.

Wa kushoto. Mzima, mwepesi, uleule unaomenya karanga za bibi mbele ya macho yangu kila ninapokwenda kwao.

Hakuna aliyewahi kusema ni mkono gani. Nilisomea viungo vyenye shida, basi macho yangu huona hivyo tu. Bibi yeye alikuwa na shida nyingine: alikuwa anaomba radhi kwamba mjukuu wake ametumia kushoto mbele ya wakubwa, na kwamba nyumbani anafundishwa adabu.

Madam aliinama akalikagua lile sikio.

"Limeshikwa," akasema. "Aende darasani."

Hapo bibi, kwa mazoea, akachuchumaa na kumgeuzia mjukuu mgongo, mbeleko mkononi. Nyemo alikuwa ameshasimama na fremu yake, amekwama nyuma ya bibi.

"Bibi, inuka. Umenizibia njia."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayewahi kazini. Bibi akainuka. Mtoto akavuka ua, fremu ikigonga saruji, jasho likimtoka, akisimama kupumua na kuendelea. Watoto walikuwa wamejazana mlangoni. Niliogopa watamcheka. Kumbe walikuwa wanagombania nani aazimwe fremu kwanza, na Nyemo akawapanga foleni kabla hata hajaketi.

Nililia kidogo. Naweza kuandika hivyo hapa kwa sababu blogu hii inasomwa na shemeji yangu peke yake.

Tulirudi mimi na bibi kwa miguu. Njia nzima alikuwa anaikunja mbeleko, anaikunjua, anaijaribu kiunoni, anaitoa. Tulipokaribia kwake akasimama.

"Sasa, dokta, mgongo huu niufanyie nini?"

Migongo ndiyo kazi yangu. Nikamwambia aupumzishe. Akanitazama kwa huruma, akaingia ndani.

Ninapoandika bado naliwaza swali lake. Mtoto nimemwandaa miezi yote hii kuuacha ule mgongo. Mwenye mgongo sikumwandaa hata siku moja.

Kesho Nyemo akishaingia darasani, nitapita kwa bibi. Sitabeba mafuta wala mazoezi. Nitakaa naye nimsaidie kumenya karanga, kwa mkono wa kushoto akiniruhusu.