Ushuhuda wa Mishipa Safi

Jumatatu, 8 Septemba
Chai. Kuku. Dirisha la jikoni bado halifungi. Ndinda amekuja kabla sijamaliza kikombe, kuazima jembe. La mwaka jana hajarudisha. Nimempa la pili. Tangu tukiwa shule ya msingi huyu anaazima na mimi nanung'unika.

Kesho tingatinga inaingia shamba la chini. Shemeji, ndugu ya marehemu mume wangu, ameuza kwa watu wa Nairobi, wanataka kujenga nyumba za kufanana. Mitaro ya kule tuliichimba sisi, ili mvua isiondoke na udongo. Mwethya wa mama: wanawake wa kijiji kwenye mstari mmoja, leo shamba hili, kesho lile. Mimi na Ndinda tulibeba udongo kwa karai. Mama akianza wimbo, majembe yanashuka pamoja. Mchana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tunakula tumekaa juu ya tuta tulilojenga asubuhi. Sijala tena chakula kitamu kama kile.

Nina hasira na shemeji. Sitamwambia, lakini ninayo.

Jumapili, 14 Septemba
Naandika kitandani, hospitali, Nairobi. Kifundo cha mkono wa kulia kina bandeji, kwa hiyo mwandiko ni wa darasa la kwanza. Nimefundisha watoto kuandika miaka yote ile, tazama sasa.

Jumanne nilisimama uani kuangalia tingatinga. Ilipofika mtaro ambao mama aliteleza akaanguka ndani, akabaki humo akicheka mpaka tukamvuta, kifua kilibanwa. Si kuchomwa. Kubanwa, kama mtu mnene amenikalia. Ikapanda hadi taya, ikashuka mkono wa kushoto. Jasho baridi. Nilidhani ni hasira tu. Ndinda alinitazama mara moja akapiga kelele, sauti ile ile ya mwethya, watu wakaja mbio.

Machakos waliniwekea nyaya kifuani, wakapima damu. Damu ikasema moyo umeumia. Nikaletwa huku. Wakapitisha mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni, kutafuta palipoziba. Hapakuziba. Daktari, msichana ambaye ningeweza kumfundisha darasa la pili, alinigeuzia skrini: mishipa yangu wazi, damu inapita vizuri. Nikafurahi. Akasema nisifurahi sana. Anaona mshipa ulijikaza wenyewe, ukafunga njia, kisha ukaachia kabla hawajafika. Muda ule moyo ulikosa damu, ukaumia. Ni mshtuko wa moyo, si mdogo wake. Kidonge kila siku bila kukosa. Kingine kidogo cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakirudi.

Mwende, binti yangu, ambaye huniita mwaitu badala ya mama, alisikia nusu ya kwanza. Alikuwa ameshatoka na simu. "Mishipa ya mwaitu iko safi kabisa! Hawakuona kitu!" Alikuwa analia kwa furaha. Sikumkatiza.

Jumatano, 17 Septemba
Nyumbani. Wageni tangu asubuhi. Wote wanauliza nimewekewa nini. Sijawekewa kitu. Wanakosa raha kidogo.

Mzee mmoja wa kanisa letu aliwekewa springi ndani ya mshipa mwaka juzi. Hadi leo hufungua vifungo vya shati kuonyesha, na springi yenyewe iliingilia mkononi. Yeye huletewa kuku. Mimi nimeletewa ndizi na shauri kwamba nipunguze hasira. Mmoja amesema ni gesi. Nimemshukuru kwa meno.

Dawa inavimbisha miguu. Viatu vyeusi havinitoshi. Mume wangu Kioko alininunulia viatu vile Tala sokoni, baada ya kuuza maharagwe, akavificha ndani ya gunia tupu na kuniambia nikalikung'ute. Niliingiza mkono nikapiga mayowe nikidhani ni panya. Alicheka mpaka akakaa chini. Amekufa muda mrefu sasa na bado kicheko kile kimo ndani ya nyumba hii.

Jumapili, 28 Septemba
Kanisani kwa ndala. Aibu.

Pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Madaktari walitafuta na mashine zao zote. Hawakuona kitu." Vigelegele vililipuka. Wakaimba, wote wamesimama, akina mama wa mbele wakapiga makofi kwa mpigo ule ule wa majembe. Kwa muda mfupi nilikuwa mama yangu mbele ya mstari. Nimekuwa mjane na mstaafu, mtu wa kuulizwa kama amekula. Leo nilikuwa mtu.

Sikusema habari ya vidonge. Ningesema vipi, vigelegele vikiendelea?

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimeacha dawa. Basi.

Niliyeponywa mbele ya kanisa nimeze nini tena? Jirani akiingia jikoni naficha pakiti ndani ya kopo la majani ya chai, kama mwizi nyumbani kwangu. Na miguu imepungua. Leo nimevaa viatu vyeusi nikatembea hadi barabarani na kurudi. Kifua kimya. Nilikumbuka nikitembea na Kioko kwenda mjini kuangalia magwaride ya shule, yeye anapiga mluzi, mimi nabeba mwavuli ambao hatukuwa tunauhitaji. Nilijisikia vizuri sana, na nilijua ni ujinga.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada Ndinda alinivuta pembeni, kwenye tangi la maji. Anabanwa kifua akipanda mlima na ndoo. Inashika taya. Akikaa inaisha.

Mwanawe alitaka kumpeleka hospitali wiki iliyopita. Amekataa. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyosema: "Hata mimi niko na hiyo maumivu yako, Mwalimu. Lakini venye ulisema hawakuona kitu, nikajua ni maombi tu inatakikana."

Alinishika mkono. Alikuwa ananishukuru. Nilisimama pale na viatu vyangu vizuri, nikanyamaza.

Jumanne, 21 Oktoba
Alfajiri, nikiwasha moto, yule mtu mnene alinikalia tena. Nilitambaa hadi kwenye kopo la chai. Kidonge chini ya ulimi. Nilikaa sakafuni nimeegemea gunia la mahindi. Niliogopa. Sikuwaza mbinguni, niliwaza nani atafungulia kuku. Polepole kikaachia.

Mwende alinipeleka kliniki mjini. Njia nzima alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Daktari hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema mshipa uliozoea dawa ukinyimwa ghafla hujikaza tena. Kuhusu miguu, dawa nyingine ipo, ningeuliza tu. Ningeuliza tu! Nikauliza sasa habari ya mwanamke anayebanwa kifua akipanda mlima, akikaa inaisha. Akaacha kuandika. Akasema huyo aje upesi, hata leo.

Nikapitia kwa Ndinda moja kwa moja. Amekataa. Hakukasirika, alinionea huruma. Alisema ugonjwa umenitisha, ndiyo maana nageuza maneno. Yeye anashika niliyosema mbele za Mungu na watu. Nilimwomba. Nilimfokea. Alinipikia chai.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimemtuma Mwende, Ndinda amekataa. Mwanawe mwenyewe pia amemkatalia. Anasema Mwalimu Mbithe hajawahi kudanganya kanisani.

Anabanwa sasa hata akifagia. Sina hamu ya kula. Namwona msichana wa karai, magoti yamejaa vumbi, akiiba nafasi yangu karibu na mama kwenye mstari. Nilimsukuma siku moja akaanguka mtaroni. Akanyanyuka, akarudi pale pale. Hakuwa mtu wa kuondoka alipoamua kusimama, na hajabadilika.

Jumapili, 26 Oktoba
Nilisimama kabla Pasta hajauliza nani ana neno.

Nilitoa pakiti ya vidonge kwenye mkoba nikaiinua juu. Nilisema mishipa yangu ni safi na moyo wangu uliumia, na yote mawili ni kweli. Nilisema nilinyamazia nusu kwa sababu nilipenda vigelegele. Niliacha dawa na Jumanne karibu nife sakafuni. Nikasema anayebanwa kifua asitumie maneno yangu kama kinga, aende hospitali. Sikumtaja mtu. Sikumtazama pia.

Mtoto alikohoa. Mzee wa springi alishika vifungo vyake, kisha akaviacha. Pasta aliangalia Biblia yake, akasema taratibu kwamba madaktari nao wanafaa kuombewa. Akaomba.

Nilipofumbua macho nafasi ya Ndinda ilikuwa tupu. Nikajua nimempoteza. Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe la getini, khanga amefunga vizuri, mkoba mapajani. Alisema, "Mimi nakungoja tu. Twende basi." Nililia pale getini mbele ya kanisa zima. Mwende akaenda kutafuta gari.

Alhamisi, 30 Oktoba
Mshipa wa Ndinda ulikuwa umeziba, umebaki uwazi wa uzi. Daktari alisema bahati yake ni kwamba hakungoja zaidi. Wamemwekea springi. Nimekaa ukumbini. Maumivu mamoja, shule moja, mtaro mmoja, na ndani kila mtu na yake. Ningemzika kwa ushuhuda wangu.

Jumatano, 5 Novemba
Ndinda yuko nyumbani. Amepelekewa kuku. Wawili.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua imenyesha tangu jana. Shamba la chini udongo umeshuka wote, mwekundu, hadi barabarani. Huku juu, kwangu, mtaro mwingine wa mama umeshika maji. Nilikaa mlangoni kuyatazama. Nimemeza kidonge na chai, kopo liko juu ya meza, wazi. Miguu ni ya kawaida. Nimevaa viatu vyeusi ndani ya nyumba, bila sababu.

Mchana Ndinda alikuja polepole, mwavuli mkono mmoja, majembe yangu mawili mkono wa pili, yameoshwa. Daktari amesema asilime tena. Aliyaegemeza ukutani. Tukatazama maji. Alianza ule wimbo wa mama, chini chini, nami nikashika. Pumzi ikatuishia katikati, tukacheka.

Alipoondoka nilimrudishia jembe moja. Asilirudishe, aje kuazima la pili, nami ninung'unike.