Nani Atauwasha Mtambo

Hombolo, 28 Septemba

Mpenzi Lameck,

Natumaini u mzima huko Morogoro. Huku mama amepona mguu, na mizabibu imezaa hadi matawi yanainama.

Ule mtambo wa kukamulia juisi, ambao kikundi chetu cha akina mama kilipata, unafanya kazi vizuri. Zamani zabibu zilituozea shambani tukingoja wanunuzi. Sasa juisi yetu inauzwa hadi mjini. Shida ni kwamba anayeujua ni mimi tu. Nilifundisha wasichana wawili. Mmoja ameolewa Singida, mwenzake anaogopa umeme.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia wenzangu kuwa nimepata nafasi ya chuo, naja huko. Mwenyekiti wetu, Mama Matonya, akanishika mikono.

“Yudith mwanangu, ukiondoka, nani atauwasha?”

Nilimtazama mama yangu anitetee. Akainamisha kichwa.

Nikasema nitabaki. Walipiga vigelegele, wakanibeba juu juu, nami nikacheka ili nisilie mbele yao.

Lameck, chuo kinafunguliwa Jumatatu. Usije kunipokea stendi. Na ukichoka kunisubiri, niambie wewe mwenyewe, nisisikie kwa watu.

Wako,
Yudith