Kombe la Thuraya

Jumamosi, baada ya alasiri. Mawaleh.

Joto la leo halina adabu. Kiyoyozi cha chumbani kwangu kinakoroma tangu asubuhi na bado daftari linanata mkononi. Paka wa jirani amehamia chini ya gari na hataki hata kuitwa. Kesho asubuhi nina mtihani, na badala ya kupiga hesabu za asilimia nimekaa hapa naandika blogu yenye wasomaji kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa ni mimi mwenyewe kwenye simu nyingine.

Nianze na neno lenyewe nisije nikalizunguka mpaka magharibi.

Nina donge.

Si ule wivu mdogo wa kuona mtu kavaa kitambaa kizuri ukatamani kuuliza kanunua wapi. Donge la kweli, linalokaa hapa kooni, ukimeza mate unalisikia. Na anayenitia donge si adui yangu. Ni Thuraya, mtoto wa ami yangu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusuka nywele.

Mtihani wenyewe ni ule wa stadi za msingi kwa watu wanaotaka kuwa walimu: kusoma, kuandika na hesabu. Msingi, wanasema. Nimeshaufanya mara mbili. Kusoma nilipita, kuandika nilipita, hesabu zikanirudisha nyumbani mara zote mbili. Ukianguka sehemu moja umeanguka zote.

Nina miaka thelathini na nne. Miaka tisa sasa ni msaidizi wa darasa katika skuli moja ya binafsi huko Ghubra. Msaidizi maana yake ni mimi ninayefuta makamasi, ninayefunga kamba za viatu, ninayejua kwamba mtoto fulani hasomi mpaka akae karibu na dirisha. Mwalimu akiumwa, nafundisha mimi. Akipona, narudi kukata karatasi za rangi.

Mwaka huu mwalimu wa darasa la kwanza anaondoka, anamfuata mumewe Salalah. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia angependa nafasi ile iwe yangu, ila nilete karatasi ya kufaulu kabla skuli hazijafunguliwa. Nisipoileta, atampa mwengine mwenye nayo. Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Ijumaa ile, tumekaa kwenye sinia ukoo mzima, nikajisifu. Thuraya alikuwa ubavuni kwangu, ananichambulia nyama kwenye mfupa.

Wiki iliyofuata naye akapeleka maombi. Skuli ile ile, nafasi ile ile, na mtihani ule ule.

Alinambia mwenyewe, usoni, bila ya kupepesa macho. Alisema kazi hakuna, anaomba kila mahali, na hataki nisikie kwa watu. Nikamwambia ah, hapana neno, Mungu atatoa. Huo ulikuwa mdomo. Roho ilikuwa inasema mengine kabisa.

Sasa tuelewane vizuri. Thuraya ana miaka ishirini na tatu. Katoka chuo kikuu mwaka huu huu. Ana leseni ya udereva, ana gari dogo jeupe alilonunuliwa na ami, na hajawahi kumfuta mtoto wa mtu hata kamasi moja. Hesabu anazifanya kichwani huku anachagua picha ya kuweka kwenye simu. Mimi nahesabu kwa vidole, tena chini ya meza.

Na mtu huyo huyo, tangu mwezi uliopita, anaendesha kutoka Ghubra mpaka huku Mawaleh kila siku jioni kuja kunisomesha hesabu. Hajaombwa. Siku moja alichukua tende kwenye sahani ya Bibi akazipanga mezani, tatu kwa mbili, tatu kwa mbili, mpaka nikaelewa uwiano ni kitu gani. Walimu wawili wa masomo ya kulipia walishindwa kunielewesha hilo. Nilielewa, na hapo hapo roho ikaniuma, kwa sababu alisomesha vizuri. Nilikuwa najituliza kwamba hesabu anazo lakini ualimu hana. Kumbe nao anao.

Jumatano akaniuliza kitu kimoja tu. "Da Zuwena, ile sehemu ya kuandika huwa wanataka nini hasa?"

Nikamjibu, "Wallahi sikumbuki."

Nakumbuka kila kitu. Mara zote mbili walitaka barua kwa mzazi ambaye mtoto wake anabaki nyuma darasani. Wanataka maneno mepesi, mambo mawili matatu ya kufanya nyumbani, na heshima. Basi. Anayeandika insha ya madaha anakatwa. Nalijua hili kwa sababu dada mmoja niliyekaa naye kwenye foleni ya matokeo mara ya kwanza, shahada yake ya fasihi, alianguka hapo hapo na akalia mbele yangu. Thuraya alinionyesha insha yake ya mazoezi, kurasa tatu, imejaa bahari ya elimu na mwanga wa mustakbali. Niliisoma yote. Nikamwambia nzuri sana.

Nimeapa kwa Mungu kwa uongo ili mtoto wa ami yangu aanguke mtihani. Bibi angejua angenifungisha saumu siku tatu za kafara.

Lakini hilo halikunitosha. Ngoja nifike kwenye kombe.

Kwa msomaji wangu wa kumi na moja, ambaye nahisi si wa kwetu: kombe ni aya zinazoandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zinaoshwa kwa marashi ya mawaridi na mtu anayanywa yale maji. Linaandikiwa mgonjwa, msafiri, mwenye mtihani. Bibi yetu, mama wa baba yangu na wa ami, alikuwa akisomesha chuo cha Kurani Unguja, na mkono wake wa kuandika unasifiwa mpaka leo. Aliniandikia kombe kabla ya mtihani wa kwanza. Akaniandikia kabla ya wa pili. Mtihani huu wa tatu, kimya.

Halafu Alhamisi napita mlangoni kwake namsikia anazungumza na simu kwa sauti ile ya wazee, kama vile aliye upande wa pili yuko Unguja. "Thuraya, kombe lako nshaliandika, mwanangu. Njoo kesho ulinywe. Mkono wenyewe huu hautaki tena kuandika."

Kombe lako.

Mimi ndiye ninayeishi na Bibi. Namkata kucha. Namhesabia vidonge vyake, hesabu pekee ambayo sijawahi kuikosea. Nampaka mafuta magotini kila asubuhi huku ananihadithia habari za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Na kombe la mwisho la mkono wake anamwandikia mwenye gari jeupe. Nikasema basi, amechoka na mimi. Ameona anapoteza zafarani yake.

Ijumaa karibu na adhuhuri wanaume wako msikitini, Mama kenda kuoga, mimi nafungua friji kutafuta maji. Nyuma ya mtindi nikaona kichupa cha marashi, ndani maji ya manjano. Nikafungua kizibo. Mawaridi na zafarani. Nikajua Bibi ameshaliosha kombe na kumwekea Thuraya wake.

Nikalinywa.

Lote, nimesimama, mlango wa friji wazi. Tena nilisema bismillahi. Sijui mwizi gani mwengine anaanza kwa bismillahi. Kichupa nikakisuuza, nikakigeuza kwenye kikaushio cha vyombo, nikaenda zangu chumbani. Na nikwambie ukweli, nilijisikia vizuri. Kama robo saa hivi.

Baada ya hapo nikamsikia Mama jikoni. "Nani kanchukulia zafarani yangu ya biriani? Nlirowesha jana, nkaiweka nyuma ya mtindi!"

Nilikaa kitandani nikatazama ukuta.

Nilikuwa nimekunywa rangi ya biriani.

Nilipotoka, nyumba ilishajaa. Ami na mkewe wamefika, Thuraya yumo jikoni kafunga kanga anakaanga vitunguu, Mama anauliza mmoja mmoja. Nilitaka kusema sijui. Lakini nilikuwa nimevaa gauni la dira, jeupe, na kifuani palikuwa na tone la manjano kubwa sawa na kitufe. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, pembeni ya mlango wa jiko. Akaniangalia lile tone, akaniangalia uso.

"Zuwena, hebu toa ulimi."

Miaka thelathini na nne. Nikatoa ulimi.

"Umekunywa zafarani ya biriani?" Mama hakuamini. "Mtu mzima? Unaumwa?"

"Nlidhani sharubati," nikasema.

Walicheka mpaka mke wa ami akashika ukuta. Thuraya alicheka akatokwa na machozi, akasingizia vitunguu. Bibi hakucheka. Alijiinua kwa mkongojo wake akasema, "Nyie wawili, njooni."

Chumbani kwake akafungua kabati la nguo, akatoa sahani nyeupe iliyofunikwa kwa kitambaa. Kombe lilikuwepo pale pale, halijaguswa, maandishi yamekauka. Mistari ilikuwa inatetemeka. Herufi nyengine zilipanda juu ya wenzao. Sikujua kwamba mkono wake umefika hali hiyo, na mimi ndiye ninayeukata kucha.

"Nimeweza moja tu," alisema. "Lenu nyote wawili. Siku mbili nimeliandika."

Nikauliza, na najua sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "Mbona mimi hukunambia, Bibi?"

Akanishangaa. "Wewe si umo ndani humu? Nkupigie simu chumbani?"

Akamimina marashi, akaizungusha sahani taratibu mpaka maandishi yakayeyuka yote. Akanipa sahani na finjani mbili za kahawa. "Gawa wewe, ndo mkubwa."

Nikagawa. Na hapo, baada ya aibu yote ile, na ulimi wangu wa manjano, macho yangu yalikuwa bado yanapima. Finjani moja ilizidi, upana wa ukucha tu. Nilikuwa nafikiri niichukueje bila ya kuonekana, Thuraya akanyoosha mkono akachukua iliyopungua. Akanywa, akambusu Bibi kichwani, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Biriani lililiwa jeupe. Baba aliuliza kama leo tunakula chakula cha hospitali, ikawa kicheko cha pili. Mimi nilikula kidogo.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo tangu alfajiri nafanya hesabu. Nimefanya za uwiano kumi, nimepata tisa. Kila nikipata moja naziona zile tende mezani, na vidole vyake vinazipanga. Nikifaulu kesho, nusu ya kufaulu kwangu ni yeye. Akianguka kesho, kuanguka kwake kote ni mimi. Hata mimi naweza kuipiga hesabu hiyo bila ya vidole.

Nilijaribu kujitetea. Nilijiambia hii ni mashindano, hakuna mtu anayempa mshindani wake majibu. Nilijiambia yeye ana miaka ishirini na tatu, anaweza kurudia mwakani, mimi nikikosa hii nitazeeka nakata karatasi za rangi. Yote kweli. Lakini na ile wallahi nayo ni kweli, imekaa pale pale kooni, karibu na donge, na vyote viwili havipiti.

Baada ya kusali alasiri nikachukua simu. Nikamwandikia yote. Kwamba ni barua kwa mzazi. Kwamba aache bahari ya elimu, aandike kama anazungumza na mama wa mtoto getini wakati wa kutoka skuli. Amtaje mtoto kwa wema kwanza, ndipo aseme tatizo. Nikamwandikia na yale ambayo hakuna kitabu kinachoyasema, kwamba mzazi hasomi mstari wa tatu kama wa kwanza umemtia hofu. Miaka tisa yangu yote nikaitia mle. Mwisho nikaandika: nilikumbuka tangu Jumatano, nisamehe.

Nilikaa na ule ujumbe muda mrefu. Sitaki kudanganya kwamba roho ilikuwa safi. Nilipoutuma bado nilikuwa natamani aanguke, ila si kwa mkono wangu.

Hazikupita dakika mbili. Ikaja sauti yake iliyorekodiwa, na nyuma namsikia mama yake anagombana na mashine ya kufulia.

"Nlijua unakumbuka, Da Zuwena. Nlikuwa nakusubiri tu. Kesho nakupitia saa kumi na mbili na nusu, usichelewe, na usinywe kitu kwenye friji."

Nimeisikiliza mara nne nikitafuta kisirani ndani yake. Sijakiona. Alijua tangu Jumatano, na Alhamisi akaja kunisomesha asilimia, na jana akachukua finjani iliyopungua.

Hata hapo kanishinda.

Kwa hiyo kesho ndiyo hivi. Nitaamka, nitampaka Bibi mafuta magotini, nitapanda lile gari jeupe, nitakaa mbele. Donge langu nalo litakuja, maana halina pengine pa kwenda. Nitalipakata.